Vipande sahihi vya modeli za vifaru: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wale wanaounda vifaru vya plastiki na wanataka kazi yao ifanane na kifaru chenyewe, si na mchoro wa kwenye boksi. Mifano mingi humu ni ya ukoo wa T-54, T-55 na Type 59. Maswali mengi yanayotufikia ni ya watu wanaotaka kuunda vifaru vya Vita ya Kagera, na huo ndio ukoo unaowapotezea watu hela kuliko mwingine wowote. Vipimo vyote ni vya skeli ya 1/35 isipokuwa pale tunapotaja nyingine.

Boksi ninalo tayari. Ninunue vipande gani vya nyongeza?

Kwa sasa, hakuna. Tafuta picha kwanza.

Hakuna kitu kinachoitwa kipande sahihi cha T-55. Kuna kipande sahihi cha T-55 fulani, iliyotoka kiwanda fulani, ikatumiwa na jeshi fulani, mwaka fulani. Vifaru hivi vilitengenezwa kwa miongo mingi Urusi, Poland, Czechoslovakia na China, na kila kilipoingia karakana kwa matengenezo makubwa kilitoka na kitu kipya: magurudumu mengine, cheni nyingine, taa ambayo haikuwepo. Ukianza na kununua, utajikuta na kipande kizuri cha shaba cha taa ambayo kifaru chako hakikuwahi kuwa nayo.

Utaratibu ni huu: chagua picha moja ya kifaru kimoja, andika kila unachokiona, linganisha na fremu za plastiki zinazobeba vipande ndani ya boksi, kisha orodhesha tofauti. Orodha hiyo ya tofauti ndiyo orodha yako ya manunuzi. Mara nyingi huwa fupi kuliko ulivyodhani.

T-54, T-55 na Type 59 nazitofautishaje kwenye picha mbovu ya magazeti?

Anzia juu ya tureti, yaani kile kichwa kinachozunguka chenye mzinga. T-54 ina kofia ya feni iliyo kama uyoga, upande wa kulia mbele ya mfuniko wa mpakiaji risasi. T-55, iliyoanza kutengenezwa 1958, haina uyoga huo. Type 59 ya Kichina ni nakala ya T-54A, kwa hiyo uyoga upo. Hata kwenye picha ya kijivu iliyochapwa vibaya, kivuli cha uyoga huo huonekana kama mwanga unatoka pembeni.

Halafu nenda kwenye mdomo wa mzinga. T-54 za mwanzo zilikuwa na mtutu mtupu. T-54A, iliyoingia 1955, ndiyo iliyoleta ule uvimbe wa kutolea moshi ulio mwishoni kabisa mwa mtutu, nao ukabaki kwenye T-54B, T-55 na Type 59. Ukiona mtutu mtupu, usinunue mtutu wa T-55 kisha ukaanza kuukwangua. Kuna wauzaji wenye mtutu wa aina hiyo.

Bamba la mbele la bodi nalo linasema. T-54, Type 59 na T-55 ya kwanza zina tundu dogo katikati, ambamo bunduki ya dereva ilipigia. T-55A, ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, haina tundu. Mabingwa wa mtandaoni hugombana kuhusu miviringo ya tureti huku tundu hilo limewatumbulia macho.

Magurudumu yanahitaji tahadhari zaidi. Kuna yale ya zamani yenye mbavu nyingi nyembamba kuzunguka kitovu, na yale ya baadaye yenye mikono mitano minene. Mtu husoma kwamba la kwanza ni la T-54 na la pili ni la T-55, akaamini. Ni kweli pale kiwandani. Baada ya miaka 10 ya karakana si kweli tena, kwani T-54 nyingi zilibadilishiwa. Hesabu mbavu kwenye picha yako, usitegemee jina la kifaru. Kuna hata vifaru vyenye aina zote mbili upande mmoja.

Taa kubwa ya infraredi iliyo pembeni mwa mzinga ilikuja baadaye kuliko T-54A, na Type 59 za mwanzo hazikuwa nayo. Seti nyingi za shaba za "T-54/55" huwa na kinga ya taa hiyo na watu huibandika kwa sababu tu imo.

Muuzaji ana vipande vya T-62. Vitaingia kwenye Type 62 ya JWTZ?

Haviingii. T-62 ni kifaru cha Kisovieti chenye mzinga wa milimita 115 na uzito wa karibu tani 40. Type 62 ni kifaru chepesi cha Kichina cha tani 21 na mzinga wa milimita 85, kama Type 59 iliyopunguzwa mwili. Namba zimegongana tu. Trumpeter wanatengeneza boksi la Type 62 la 1/35, na vipande utafute vilivyoandikwa jina hilo hilo pamoja na neno la China. Pia usichanganye na Type 63, ambayo inaogelea na ina magurudumu sita kila upande badala ya matano.

Vita ya Kagera: nani alikuwa na kifaru gani?

Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliingia vitani na vifaru vya Kichina, Type 59 na Type 62. Jeshi la Idi Amin lilikuwa na T-54 na T-55 kutoka Urusi, na Sherman za M4A1 zilizotoka Israeli kabla ya uhusiano kuvunjika 1972. Walibya waliokuja kumsaidia Amin walileta T-55, na ndizo zilizokuwepo kwenye pigano la Lukaya, Uganda, tarehe 10 na 11 Machi 1979.

Kwa hiyo mtu anayetaka kuunda diorama, yaani mandhari ndogo ya modeli, ya Lukaya anahitaji maboksi mawili tofauti, si boksi moja mara mbili. Type 59 iwe na uyoga, T-55 ya Mlibya isiwe nao. Ukikosea hapo, kila atakayesimama mbele ya meza yako na kujua vifaru ataona kabla hajaona rangi.

Onyo jingine: maduka yamejaa seti za T-55 za Tiran ya Israeli, Enigma ya Iraki na T-55AM yenye deraya za ziada usoni. Ni seti nzuri sana, zenye masanduku na vyuma vingi, na zinavutia macho kuliko kifaru cha kawaida. Hakuna hata moja inayohusika na 1979 huku kwetu.

Picha za kuaminika nitazipata wapi?

Kwa vita yenyewe, tegemea picha za waandishi wa habari wa wakati ule, na zitumie kwa kifaru kinachoonekana ndani yake tu. Magwaride ya sherehe za Uhuru, Mapinduzi na Muungano yamepigwa picha nyingi, ila angalia mwaka. Type 59 zilizoboreshwa baadaye kuwa Type 59G zina tureti nyingine kabisa, yenye bamba zenye pembe. Picha ya gwaride la juzi haikusaidii kuunda kifaru cha Nyerere.

Kwa undani wa boliti, bawaba na mishono ya kuchomelea, tumia vifaru vya makumbusho. Jozi ninayoipenda kuliko zote iko Hanoi. Tarehe 30 Aprili 1975, Vita ya Vietnam ilipokwisha, vifaru viwili viliongoza kuingia Ikulu ya Saigon: namba 843, ambacho ni T-54B, na namba 390, ambacho ni Type 59. Vyote vimehifadhiwa Hanoi na vimepigwa picha na watalii kutoka kila pembe unayoweza kuifikiria. Fungua picha ya 843 na ya 390 ubavu kwa ubavu, na tofauti ya kazi ya Mrusi na ya Mchina utaiona mwenyewe bila kusimuliwa.

Lakini kuna mtego. Vile vifaru viwili vilivyoegeshwa kwenye bustani ya Ikulu hiyo, Ho Chi Minh City (ndiyo Saigon ya zamani), vikiwa na namba hizo hizo, ni vya badala. Picha zake zimejaa mtandaoni na wenye kuziweka hawasemi. Ndiyo hali ya makumbusho mengi: kifaru kimepakwa rangi upya, kimepewa taa ya kifaru kingine, cheni zimetolewa popote zilipopatikana. Tumia makumbusho kujua kipande kina umbo gani. Kama kifaru chako kilikuwa nacho au hakikuwa nacho, hilo ulizia picha ya wakati wake.

Naweza kwenda kambini nikapige picha mwenyewe?

Usijaribu. Kupiga picha kambi na zana za jeshi bila kibali ni kosa, Tanzania na Kenya pia, na maelezo kwamba unaunda modeli hayatamshawishi mlinzi.

Kwa nini 1/35? Si namba ya ajabu?

Ni ya ajabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tamiya wa Japani walitengeneza modeli ya Panther, kifaru cha Kijerumani, inayotembea kwa mota, na ukubwa wake uliamuliwa na nafasi ya kuweka betri na mota ndani ya bodi. Baadaye ilipopimwa ikaonekana ni takriban 1/35, na dunia nzima ikafuata. Faida yake kwako ni kwamba vipande vingi vya nyongeza vipo kwenye skeli hiyo. 1/72 ina vichache, 1/48 vichache zaidi kwa vifaru vya baada ya Vita Kuu ya Pili. Ukinunua mtandaoni soma skeli mara mbili, maana picha ya mtutu wa 1/72 na wa 1/35 kwenye simu ni kitu kimoja.

Nitajuaje kama kipande kina kipimo sahihi?

Kwa kalipa na kikokotoo. Chukua kipimo cha kweli kwa milimita, gawanya kwa 35.

Cheni ya OMSh, ile ya zamani ya T-54, ina upana wa milimita 580, kwa hiyo kwenye modeli iwe 16.6. Gurudumu lina kipenyo cha milimita 810, sawa na 23.1. Tundu la mzinga ni milimita 100, sawa na 2.9. Bunduki nzito ya juu ya tureti, 12.7, inabaki na tundu la 0.36. Tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita usiihangaikie, rangi peke yake itaila. Tofauti ya milimita nzima kwenye gurudumu ni kasoro ambayo jicho litaiona hata kama halijui kinachokera.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayokuonyesha ni wapi plastiki inashindwa. Pima unene wa madigadi kwenye boksi lako. Utakuta 0.8 hadi 1. Zidisha kwa 35: milimita 28 hadi 35. Madigadi ya kweli ni bati jembamba linalokunjwa na mti wa kwanza linaougonga. Kwenye plastiki umepewa deraya. Bati la shaba la 0.15 linatoa milimita 5 hivi, na ukilikunja kidogo ukingoni kwa koleo linakaa kama bati lililogongwa. Hapo shaba inastahili bei yake.

Shaba, resini, chuma au plastiki: nini kwa kazi gani?

Kitu bapa na chembamba, kama madigadi, nyavu za injini, mikanda ya kufungia masanduku na kinga za taa, kiwe cha shaba iliyochongwa kwa tindikali. Kitu cha mviringo kisiwe cha shaba hiyo. Kuna seti zinazokutaka ukunje tangi la mafuta kutoka bati bapa, na nyingine zinakupa kipini cha mlango ambacho kwenye kifaru ni nondo ya duara lakini kwenye seti ni kipande bapa. Kitupe, weka waya.

Mtutu uwe wa alumini au shaba ya kerezo. Kama mtutu wa boksi lako umetoka nusu mbili, utaupiga msasa mpaka usiwe duara tena. Maboksi ya miaka ya karibuni mara nyingi yana mtutu wa kipande kimoja chenye tundu, na huo unatosha, okoa hela.

Resini ni ya maumbo mazito yenye uso wa kalibu: tureti, mizigo, mifuko ya turubai. Tureti za ukoo huu zilimiminwa, na ngozi yake ina vijipele na alama za kukatia. Ngozi hiyo unaweza kuiweka mwenyewe kwa kupaka gundi laini ya plastiki na kudonoa kwa brashi ngumu kabla haijakauka, bila kununua tureti nzima.

Cheni ni suala la aina yake. T-54 na T-55 hazina magurudumu ya juu ya kurudishia cheni, kwa hiyo cheni inalala juu ya magurudumu makubwa na kulegea kati yake. Cheni ya mpira hailali, inakaza kama mkanda wa suruali. Cheni za chuma za pingu moja moja huanguka zenyewe kwa uzito wake, na ndiyo sababu watu hulipa bei yake. OMSh ina pingu 90 kila upande, kwa hiyo hesabu kabla ya kufungua pakiti. Kuna pia cheni ya baadaye iitwayo RMSh, yenye pini tofauti na sura tofauti, na maduka huuza zote mbili kwa jina la T-55. Tena rudi kwenye picha.

Kampuni gani ni nzuri?

Kwa maboksi ya ukoo huu, MiniArt wa Ukraine ndio waliochimba zaidi: wametoa T-54 ya mwanzo hadi T-55A, na Type 59 pia. Vipande ni vidogo na vingi mno, mwanzoni vinachosha. Takom ni rahisi kuunga. Tamiya ana T-55A ambayo inaungana bila ugomvi, na kwa anayeanza ningempa hiyo.

Kwa vipande: Eduard wa Czech na Aber wa Poland kwa shaba, Voyager wa China kwa seti kubwa, RB Model wa Poland kwa mitutu, Friulmodel wa Hungary kwa cheni za chuma. Jina kubwa si hakikisho la kila seti. Angalia maelekezo ya seti kabla ya kununua, karibu wote huyaweka wazi kwenye tovuti zao, na hapo utajua kama una uwezo wa kukunja kipande cha milimita moja mara nne.

Ninunue seti kubwa yenye kila kitu?

Kwa maoni yangu, hapana. Seti kubwa ina fremu nane au kumi za shaba, na theluthi moja inarudia kilichomo kwenye boksi lako, tena kikiwa bapa zaidi. Nunua cheni, madigadi na, kama unauhitaji, mtutu. Kifaru chenye cheni inayolala vizuri na madigadi membamba kitakishinda chenye vipini 300 vya shaba kwenye meza yoyote.

Kipande kimeandikwa "kwa Tamiya" na boksi langu ni Takom. Kitakaa?

Mtutu mara nyingi utakaa ukichokonoa tundu kidogo. Cheni zitakaa kama meno ya gurudumu la kuendeshea yanalingana. Pima nafasi ya jino hadi jino kwanza. Seti nyingi za cheni za chuma huja na gurudumu lake, litumie. Madigadi na nyavu za injini usijaribu: yamekatwa kufuata matundu na miinuko ya kampuni moja, na pengo la nusu milimita kwenye nyavu ya injini halifichiki.

Nimeona boksi jipya la T-55 kwa bei ya chini sana. Lina siri gani?

Yawezekana ndani mna kalibu ya miaka ya 1980. Kampuni hununuliana kalibu: za ESCI, kwa mfano, ziliishia kwa Italeri. Picha ya boksi hubadilika, plastiki ni ile ile. Andika jina la boksi kwenye Scalemates, tovuti ya kumbukumbu za modeli, uone mti wa ukoo wake. Si dhambi kuunda kalibu ya zamani, mimi nazifurahia, ila jumlisha bei ya boksi na ya vipande vya kulirekebisha. Ukifika hapo la bei kubwa huwa ndilo rahisi.

Naagizaje nikiwa Dar, Nairobi au Kampala?

Malipo si tatizo tena, kwa Dar na Nairobi kadi ya mtandaoni ya M-Pesa inakubaliwa na maduka mengi ya nje. Tatizo ni karatasi iliyobandikwa juu ya kifurushi.

Muuzaji wa Ulaya akiandika "gun barrel, metal" au "tank parts", yeye ameandika ukweli anaoufahamu. Afisa wa forodha anasoma mtutu wa bunduki, wa chuma. Kifurushi kinawekwa pembeni, wewe unaitwa kujieleza, na mtutu wenyewe una urefu wa kalamu. Mwandikie muuzaji kabla hajatuma: aandike kwamba ni vipande vya modeli ndogo ya kuunga, na aongeze namba ya forodha 9503, ambayo ndiyo ya vitu vya kuchezea na modeli zilizopunguzwa ukubwa. Aandike bei ya kweli. Chapisha risiti na picha ya bidhaa, uende navyo posta. Ushuru na kodi ya ongezeko la thamani utalipa, viweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

Rangi na gundi nyembamba usiagize pamoja na vipande. Vinashika moto, havipandi ndege kwa posta ya kawaida, na vinaweza kuzuia kifurushi kizima.

Shaba na mitutu havina uzito, kwa hiyo ndugu anayekuja kutoka Dubai, Muscat au London ataviweka ndani ya kitabu. Cheni za chuma zina uzito, muulize kwanza.

Vipi nikitengeneza mwenyewe?

Vipande vingi unavyoviona dukani vina mbadala wa mtaani ulio sawa au bora.

Mtutu wa bunduki ndogo ni sindano mpya ya duka la dawa. Ile yenye kishikio cha buluu, namba 23, ina kipenyo cha nje cha 0.64 na tundu la ndani karibu 0.34, na tumeona juu kwamba bunduki ya 12.7 inataka 0.36. Namba 27, ya kijivu, ina tundu la 0.21, na bunduki ya 7.62 inataka 0.22. Usikate kwa koleo, itabonyea. Zungusha ukingo wa tupa nyembamba mpaka ikatike, halafu pitisha waya ndani kutoa vumbi la chuma.

Kamba ya kuvutia ni waya mzito wa gitaa ulioviringwa, au nyuzi za shaba kutoka kwenye waya wa spika ukizisokota upya. Mikanda na vishikizo ni bati la kopo la soda, lililopashwa moto kidogo kwenye jiko ili lilegee. Gogo la nyuma la kujinasulia matopeni liwe kijiti cha kweli, chenye gome laini. Plastiki haijawahi kufanana na mti. Vibano vizuri na keekee za sehemu za milimita wanazo mafundi saa, na kwa kawaida watakuelekeza wanakonunua.

Printa za 3D zimemaliza biashara ya shaba?

Kwa bunduki, taa, zana na cheni, karibu zimemaliza. Printa nzuri ya resini huchapa tabaka za 0.05, ambazo kwenye kifaru cha kweli ni chini ya milimita 2, na rangi huzifunika. Kwa bati jembamba, bado: madigadi ya kuchapwa ama ni mazito ama yanapinda kwenye joto letu. Jambo la kuangalia ni chanzo cha faili. Anayechora kutoka kwenye mchezo wa kompyuta atakuuzia T-55 yenye uyoga. Mwombe picha aliyotumia. Mwenye nayo huituma siku hiyo hiyo.

Resini ina madhara?

Vumbi lake usilivute. Piga msasa ukiwa na maji, vaa barakoa, futa meza kwa kitambaa kibichi. Ile ya printa ambayo haijakaushwa usiiguse bila glovu. Baadhi ya cheni za chuma nyeupe zina risasi ya lead, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kula, na mtoto asiziweke mdomoni.

Naunda Vickers Mk 3 ya Kenya. Mnanishauri nini?

Subira. Kenya iliagiza vifaru hivyo mwishoni mwa miaka ya 1970, nje ya hapo ni nchi chache zilizokuwa navyo, na soko limekwenda kwenye vifaru vinavyouzika. Habari njema ni kwamba mzinga wake ni wa jamii ya L7, milimita 105, ambayo ilifungwa pia kwenye Centurion na Leopard 1, kwa hiyo mitutu ya 1/35 imejaa madukani. Tazama umbo na mkao wa uvimbe wa kutolea moshi kabla ya kuchagua, kwani kwenye Centurion umekaa upande na kwenye baadhi ya mizinga ya jamii hiyo umekaa katikati. Bodi na tureti utachonga kwa plastiki bapa. Ukiwa na picha ya ubavu iliyopigwa kutoka mbali, lensi isiyopinda, anza na gurudumu: lipime kwenye picha, lipe thamani yake ya milimita, na vipimo vingine vyote vya ubavu utavipata kutoka hapo.

Stika za namba za JWTZ zinauzwa?

Omba duka la stika likuchapie, kwenye karatasi ya stika za maji na si ya gundi. Namba iwe ile iliyo kwenye picha yako. Kama haisomeki, chora kifaru kilichopakwa tope mahali hapo.